Kubobea historia ya eneo moja chuo kikuu: eneo unalichoraje, ushahidi unaupata wapi, ajira inapatikanaje?

Andiko_la_Kwanza

Habari za kazi wakuu. Naandaa andiko la utafiti wa uzamivu katika historia, na lengo ni kufundisha chuo kikuu nikiwa nimebobea historia ya eneo moja, kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii kwa undani:

Eneo la utafiti linachorwaje ili jopo lisiseme ni dogo mno? Nyaraka za eneo zinatafutwa kwa mpangilio gani, na masimulizi ya wazee yanaingia wapi? Je, mtu aliyebobea eneo moja anaajirika, au anajifungia mlango mwenyewe? La mwisho, halmashauri au kampuni ikitaka kulipia kitabu cha historia ya mahali pake, mwanahistoria akubali?

Mpaka_na_Mto

Karibu sana. Nianze na eneo, maana hapo ndipo maandiko mengi yanapoangukia. Mwombaji anataja jina la wilaya, anaweka mwaka wa kuanzia na wa kumalizia, basi. Jopo likimuuliza kwa nini wilaya hiyo na si bonde lote la mto uliomo, hana la kusema.

Mipaka ya utawala ilichorwa na ofisi kwa haja zake, na inahama. Departementi za Ufaransa ziliundwa 1790 kwa kuvunja majimbo ya kale. Rutland ya Uingereza iliunganishwa na Leicestershire 1974, ikarudishwa peke yake 1997. Kenya iliingia kwenye kaunti 47 mwaka 2013. Ukichukua mpaka wa mwaka mmoja ukaufanya mpaka wa utafiti mzima, sura ya tatu itazungumzia ardhi ambayo sura ya kwanza haikuwa nayo, na huenda usigundue mpaka msimamizi akuonyeshe.

Acha swali lichore eneo. Swali likiwa ni biashara ya chumvi, eneo ni visima vya chumvi, njia zake na masoko yake, hata kama yamepita wilaya nne. Likiwa ni uhamaji wa vibarua, eneo lina ncha mbili, walikotoka na walikokwenda, na zinaweza kuwa mbali sana. Swali likiwa ni kodi, mahakama au uchaguzi, hapo mpaka wa utawala unastahili kuwa mpaka wako, kwa sababu ndio uliozalisha jambo lenyewe.

Kuhusu udogo: jopo halikatai eneo dogo, linakataa swali lisilotoka nje ya eneo. Andika aya tatu kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwanza ieleze maelezo ya jumla ambayo wanahistoria wanayakubali. Ya pili ioneshe ni kitu gani katika eneo lako kinagoma kuingia kwenye maelezo hayo. Ya tatu ioneshe ushahidi upo wapi na wa miaka ipi. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 ni mfano mzuri. Uchunguzi wa mahali kwa mahali, ukiwemo mradi wa Idara ya Historia ya Dar es Salaam wa 1968, ulionyesha kuwa Umatumbi, ambako kulimishwa pamba kwa nguvu kulikuwa kero kubwa, hakukufanana na Ungoni, ambako watawala waliingia vitani na mpangilio wao wa kijeshi. Asingekuwepo mtu wa kuchimba Umatumbi peke yake na Ungoni peke yake, tofauti hiyo ingebaki imefunikwa.

Tenga pia sura moja, au angalau nusu sura, ya kulinganisha na eneo la pili. Lisiwe eneo jirani linalofanana kwa kila kitu. Chagua lenye jambo moja tu kubwa linalotofautiana, kwa mfano mazao yale yale lakini umiliki tofauti wa ardhi. Sura hiyo ndiyo itakayokuokoa kwenye usaili wa kazi.

Jalada_na_Folio

Naongezea upande wa nyaraka, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndio moyo wa kazi yenyewe.

Jambo la kwanza kulielewa: hifadhi ya nyaraka haipangwi kwa mada. Inapangwa kwa kufuata ofisi iliyozalisha nyaraka, kanuni iliyowekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841 na kuenea duniani. Kwa hiyo ukiingia ukauliza "mna nini kuhusu njaa?", utapewa majalada mawili yenye neno hilo kwenye jina na utaondoka ukidhani hakuna kitu. Jiulize hivi: njaa ilipotokea, ni ofisi gani zililazimika kuandika? Kilimo waliandika kuhusu mavuno. Hazina waliandika kuhusu msamaha wa kodi. Reli waliandika kuhusu mabehewa ya nafaka. Mahakama zilisikiliza kesi za wizi wa chakula. Misheni waliandikia makao makuu yao kuomba fedha. Andika orodha ya ofisi kwanza, ndipo uombe katalogi ya kila moja.

La pili, fuata ngazi ya barua. Katika utawala wa Waingereza makoloni, mkuu wa wilaya alimwandikia mkuu wa jimbo, naye akaandikia Sekretarieti, na yaliyokuwa mazito yakapanda hadi London. Kila ngazi ilibaki na nakala. Jalada la wilaya likiwa limeliwa na mchwa au limechomwa, tafuta nakala ngazi ya juu yake. Ila kumbuka kuwa kila barua ilipopanda ilifupishwa na kusafishwa. Majina ya watu na ugomvi wa kijiji hubaki chini. Juu hufika aya moja yenye maneno ya upole. Ukiona ripoti ya jimbo tu, usidhani umeiona wilaya.

La tatu ni vipindi vya kufungwa, na vinavuruga ratiba za wengi. Uingereza imeshusha kanuni yake ya miaka 30 hadi 20 kwa nyaraka za serikali, lakini fomu za sensa za England na Wales hufungwa miaka 100. Marekani hufunga fomu za sensa miaka 72, ndiyo maana za 1950 zilifunguliwa 2022. Nyaraka za wagonjwa, za watoto na za kesi za jinai huwa na muda wake. Angalia haya kabla hujaweka mwaka wa kumalizia kwenye andiko. Sura ya mwisho isiyo na majalada haiandikiki.

Ndani ya chumba cha kusomea, ukiruhusiwa kupiga picha, picha ya kwanza iwe ya jalada la nje lenye namba yake, na kila ukurasa unaofuata uoneshe namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Picha isiyo na namba huwezi kuitaja kwenye tanbihi, hivyo ni kama huna. Fungua folda moja kwa kila jalada, uipe jina lenye kifupi cha hifadhi na namba ya jalada bila kubuni ufupisho wako. Jioni ile ile jaza lahajedwali: namba ya jalada, folio, tarehe, nani kamwandikia nani, jambo kwa sentensi moja, majina ya watu na mahali. Ukiacha kwa wiki mbili, utakuwa na picha elfu kadhaa ambazo itabidi uzisome upya zote. Weka nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae mbali na unapoishi.

Hati za mkono nazo zijifunze mapema, kabla ya safari. Anayegusa utawala wa Wajerumani atakutana na Kurrent, mwandiko wa kale wa mkono wa Kijerumani, ambayo hata Mjerumani wa leo asiyefundishwa haisomi. Anayegusa pwani ya Afrika Mashariki atahitaji Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambamo irabu na baadhi ya konsonanti hukisiwa kwa muktadha. Anza na barua ambazo tayari zina nakala iliyochapishwa, ujisahihishe mstari kwa mstari.

Andiko_la_Kwanza

Nashukuru sana, nimeelewa kwa nini orodha yangu ya majalada ilikuwa fupi. Swali dogo: takwimu za idadi ya watu na mavuno nilizozipata zinaruka ghafla katikati ya miaka, eneo moja linapungua karibu theluthi kwa mwaka mmoja bila vita wala njaa. Zinaaminika?

Ramani_Kwanza

Kabla ya kutafuta maafa, tafuta tangazo la kubadilisha mpaka. Mara nyingi tarafa imehamishiwa wilaya jirani, na ukitazama jirani utaona ameongezeka kwa kiasi kile kile. Sababu ya pili ni mhesabuji kubadilika: mwaka mmoja wamehesabiwa watu, mwingine wamehesabiwa walipa kodi na kuzidishwa kwa namba ya kubuni. Soma dibaji na maelezo chini ya jedwali, si jedwali peke yake.

Dawa ni kutengeneza daftari la mahali tangu siku ya kwanza. Kila mahali pawe na mstari wake wenye jina, tahajia zote ulizokutana nazo, latitudo na longitudo, kitengo cha utawala kilichopamiliki na kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani, pamoja na chanzo. Kijiji kilichohamishiwa wilaya nyingine kinapata mistari miwili. Kisha unajumlisha takwimu kutoka chini kwenda juu kwa mpaka mmoja usiobadilika.

Ramani za zamani ziskaniwe kwa angalau nukta 300 kwa inchi, uziingize QGIS, programu ya bure ya ramani, uzifunge kwenye ramani ya leo. Hesabu rahisi ya kufunga, ile ya daraja la kwanza, inahitaji pointi tatu tu za kufungia, yaani mahali panapoonekana kwenye ramani zote mbili, lakini ukiweka tatu programu itakuonyesha kosa sifuri na itakudanganya, kwa kuwa hakuna pointi ya ziada ya kupimia. Weka kumi au zaidi, zisambae hadi pembeni, na uchague vitu visivyohama: makutano ya reli, vilele vya milima, makanisa na misikiti ya mawe. Kingo za mto na njia za miguu usizitumie.

Vipimo pia. Morgen, kipimo cha zamani cha ardhi, ya Prussia ni mita za mraba 2,553, ya Rasi ya Tumaini Jema ni 8,565. Jina moja, zaidi ya mara tatu ya ukubwa. Frasila ya Zanzibar, kipimo cha uzito, ilikuwa takriban ratili 35, lakini usiipeleke bara bila ushahidi wa mahali husika. Hifadhi kipimo cha asili kwenye safu yake, na uliyobadilisha kwenye safu nyingine. Tarehe vivyo hivyo: mwaka wa Hijri una siku 354 au 355, hivyo miaka 100 ya Hijri ni kama 97 ya jua. Na katika hati za kisheria za England kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 ya hati ni Februari 1721 yetu.

Sauti_za_Wazee

Kwa masimulizi, kosa kubwa ni kuanza na tukio. Ukimuuliza mzee "niambie kuhusu vita vya mwaka fulani", atakupa kile anachodhani unakitaka, na mara nyingi ni kile kilichofundishwa shuleni au kilichotangazwa redioni. Anza na maisha yake: amezaliwa wapi, nani alimlea, nyumba ililimaje, nani alimsimulia habari za zamani na wakiwa wapi. Tukio litaingia lenyewe, likiwa na watu na mahali. Na swali la nani alimsimulia ndilo linalokupa mnyororo wa chanzo, kwa hiyo liulize kila mara.

Watu watatu wakikupa maneno yale yale, usifurahi haraka. Chunguza kama kuna kijitabu cha misheni, hotuba ya sherehe au kitabu cha shule kilichowafikia wote. Ushahidi wa watatu waliosoma ukurasa mmoja ni ushahidi wa ukurasa ule.

Nasaba zitumike kwa uangalifu. Mwanzilishi hukumbukwa, vizazi viwili vitatu vya mwisho hukumbukwa, vya katikati hudondoka au hukunjwa kuwa jina moja. Ukichukua watawala saba ukazidisha kwa miaka 30 unapata tarehe yenye sura ya uhakika ambayo haina msingi, hasa pale ndugu waliporithiana badala ya baba na mwana. Tafuta nanga: kupatwa kwa jua kulikoonekana pale, tauni ya ng'ombe iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, barua yenye tarehe inayomtaja mtawala huyo.

Kwa vifaa, rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24 na kilohezi 48. Chaneli moja hula kama nusu gigabaiti kwa saa. Unukuzi wa saa moja ya sauti safi huchukua saa nne hadi sita za kazi, na zaidi kama watu wanaongea pamoja au lugha zinachanganywa, kwa hiyo mahojiano 40 ya saa moja na nusu ni miezi, si wiki. Liwekee fungu kwenye bajeti. Fomu ya ridhaa ieleze kama jina litatumika, rekodi itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza, na kwamba mhojiwa anaweza kujitoa na hadi lini. Isome kwa lugha anayoielewa na urekodi akikubali. Kwenye migogoro ya ardhi uwe makini mno: rekodi yako inaweza kuletwa barazani kama ushahidi dhidi ya aliyekupokea nyumbani kwake.

Mswada_Tayari

Sasa ajira, kwa uwazi kabisa. Nafasi zinazotangazwa moja kwa moja kama historia ya eneo ni chache, na zipo zaidi kwenye nchi zilizozijengea vitengo. Chuo kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kilianzisha kitengo cha historia ya eneo mwaka 1906, na kile cha Leicester, Uingereza, kikafungua idara ya historia ya maeneo ya Uingereza mwaka 1948. Kwingineko tangazo litasema "historia ya Afrika, karne ya 19 na 20" au "historia ya uchumi". Unaomba kwa kichwa hicho, na eneo lako linakuwa ushahidi wa ubingwa wako.

Kwa hiyo ingia kwenye usaili na mihtasari miwili ya kozi iliyokamilika, wiki kwa wiki na usomaji wake: mmoja wa kozi pana ambayo kila idara lazima iifundishe, mwingine wa mbinu za utafiti wa historia. Wa mbinu ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu mtu wa historia ya eneo ndiye anayeweza kuwapeleka wanafunzi kwenye makaburi, daftari za ubatizo, mahakama za mwanzo na kwa wazee, na idara zinahitaji mtu wa kusimamia tasnifu za wanafunzi wanaotoka huko huko.

Kwenye vyuo vyetu ngazi ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kila chuo kina waraka wake wa alama za machapisho. Uombe siku unayoajiriwa, usome jarida lipi linahesabiwa. Marekani tathmini ya kuthibitishwa kazini huwa mwaka wa sita, na kitabu kwa kawaida kinatarajiwa. Ujerumani kuna habilitation, sifa ya juu ya uzamivu inayokuruhusu kuwania uprofesa, au uprofesa mdogo ulioanzishwa 2002 wa miaka mitatu na mitatu, na kuitwa kuwa profesa mara nyingi kunamaanisha kuhamia chuo kingine. Hilo lina uzito kwako: ukihamia mbali, hifadhi za eneo lako hazikufuati. Panga mradi wa pili ambao unaweza kufanyika kwa picha ulizonazo pamoja na hifadhi za mahali utakapokuwa.

Machapisho: makala ya maneno 8,000 hadi 10,000 kabla ya kutetea tasnifu, kwenye jarida linalosomwa nje ya eneo. Wahakiki huwa wawili, na majibu yanaweza kuchukua nusu mwaka au zaidi. Kichwa cha makala kianze na tatizo, jina la mahali lije baadaye. Usichapishe sura zaidi ya mbili kabla ya kitabu, wachapishaji wengi hawapendi mswada ambao nusu yake imeshatoka.

Mpaka_na_Mto

Hapo kwa sura mbili natofautiana kidogo na mkuu. Asiye na ajira anahitaji makala mkononi leo kuliko kitabu cha miaka mitatu ijayo. Achapishe hata ya tatu, ila itokane na ushahidi uliobaki nje ya tasnifu. Kila utafiti wa eneo huacha majalada mengi ambayo hayakuingia. Kuhusu tasnifu yenyewe, omba maktaba izuie kuwekwa wazi mtandaoni kwa miaka miwili mitatu kama kanuni za chuo zinaruhusu.

Mswada_Tayari

Sawa, hoja ya makala ya tatu naikubali kwa sharti hilo.

Lile swali la kitabu cha kulipiwa halijajibiwa. Unaweza kukubali, na baadhi ya milango ya nyaraka za kampuni au za ushirika hufunguka kwa njia hiyo tu. Lakini mkataba uandikwe kabla ya kugusa jalada la kwanza. Mlipaji asome mswada ili kusahihisha makosa ya ukweli ndani ya siku zilizotajwa, tuseme 30, wala asiwe na haki ya kuondoa hitimisho. Hati miliki ya maandishi ibaki kwako, au angalau haki ya kutumia ushahidi ule kwenye makala za kitaaluma. Mahojiano yahifadhiwe mahali pa umma. Malipo yagawanywe kwa hatua, na hatua ya mwisho isifungwe kwenye "kuridhika" kwa mtu yeyote.

Na uliza mapema kuhusu mambo mazito: kufukuzwa watu kwenye ardhi, mgomo ulioisha kwa damu, utumwa wa nyumbani, ukoo uliopokonywa uongozi. Wakisema hayo yasiguswe, kataa kazi hiyo kwa heshima na uwaandikie sababu. Ukikubali, wataalamu wenzako watakisoma kitabu hicho, na vizazi vya watu walioachwa nje ya kitabu bado wanaishi humo humo unakotarajia kurudi kufanya utafiti.